Laptopu Inayogeuka Kishikwambi: Jinsi ya Kuipata kwa Bei Nafuu Ukiwa Kigoma

Mwezi haupiti bila mtu kusimama mlangoni kwangu hapa Mwanga na kuniuliza: "Fundi, nataka mashine moja tu. Niandikie kama laptopu, nikitaka niishike kama kishikwambi. Nina laki saba. Nitapata?"

Utapata, tena nzuri. Ila ujue kwamba laptopu za aina hii zina vya kuharibika vingi kuliko laptopu ya kawaida, na vikiharibika ni ghali: kioo cha kugusa, bawaba, na waya mwembamba unaopita ndani ya bawaba kupeleka picha kwenye kioo. Nimeshawarudisha watu nyumbani na mashine zao kwa sababu kioo kipya kilikuwa kinakaribia bei waliyonunulia mashine nzima. Pesa yako inaokolewa dukani, kabla hujalipa, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni juu ya namna ya kuikagua.

Hatua ya 1: Je, unaihitaji kweli?

Anza hapa hata kama moyo umeshapenda. Walimu wengi wa Kasulu, Buhigwe na Uvinza wanakuja wakiwa tayari wana kishikwambi, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Kama kishikwambi unacho na kinafanya kazi, na shida yako ni kuandaa mitihani na kujaza alama, nunua laptopu ya kawaida. Kwa pesa ile ile utapata yenye nguvu zaidi, na siku ikiharibika fundi yeyote ataifungua.

Inayogeuka inamfaa mtu anayeandika kwa mkono juu ya kioo: mwalimu wa hisabati anayetaka kukokotoa mbele ya darasa kupitia projekta, mpima ardhi anayechora ramani akiwa shambani, mwanafunzi anayesoma vitabu vya PDF na kuweka alama pembeni. Inamfaa pia anayefanya kazi amesimama. Yuko mama mmoja anayenunua dagaa mwaloni Kibirizi. Anaikunja mashine yake, anaiegemeza kwenye ndoo, na anajaza uzito kwa kidole huku mizani inaning'inia mbele yake. Laptopu ya kawaida ingemtaka atafute meza.

Lakini kumbuka uzito. Nyingi za aina hii zina kilo moja na robo hadi moja na nusu. Ukiishika kwa mkono mmoja dakika kumi, kiganja kinaanza kulalamika. Si kitu cha kusomea ukiwa umelala chali kitandani.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Kuna maumbo mawili. La kwanza kioo kinazunguka kwenye bawaba hadi mgongo wake ugusane na tumbo la mashine; kibodi inabaki chini. Lenovo ndio walioutangaza sana mtindo huu kwa Yoga zao kuanzia 2012, na HP wanauita x360. La pili kioo chenyewe ndicho kompyuta, na kibodi inachomolewa. Maarufu kati ya hizi ni Surface Pro ya Microsoft, na HP nao walikuwa na Elite x2.

Kwa mtu wa Kigoma mwenye pesa ya kuhesabu, mimi naelekeza kwenye bawaba. Ile ya kuchomoa inasimama kwa mguu mwembamba wa nyuma, kwa hiyo inataka meza. Ukiipakata mapajani kwenye benchi la stendi inateleza. Kibodi yake inauzwa peke yake ikiwa mpya, na zilizotumika mara nyingi huja bila kibodi kabisa au na kibodi iliyochakaa. Baya zaidi ni ukarabati. Surface Pro za zamani, mpaka ya 7, kioo kimebandikwa kwa gundi, na njia ya kuingia ndani ni kukipasha joto na kukibandua. Kubadilisha betri tu unaweza kuvunja kioo. Kama uzito mdogo ndio kila kitu kwako, sawa, Surface Pro 6 bila kibodi haifiki hata gramu 800. Wengine wote, bawaba.

Na ukikutana na Surface RT kwa bei ya kutupa, iache hapo hapo. Haipokei programu za kawaida za Windows, na hakuna fundi atakayeibadilisha.

Hatua ya 3: Soma namba, usisome kibandiko

Wauzaji hupenda kusema "hii ni Core i7" kana kwamba mazungumzo yameisha. Hayajaisha. Cha kutazama ni kizazi cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Washa mashine, fungua mipangilio, ingia sehemu ya kuhusu kompyuta, usome namba kamili. Kwenye i5-7300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 7: kizazi cha saba. Kwenye i5-8350U ni cha nane. Namba ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza: i5-10210U ni cha kumi.

Kizazi cha nane ndicho mstari wangu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali kwa jumla kuanzia kizazi cha nane. Fundi anaweza kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, nami nimeshafanya hivyo kwa watu waliokuwa hawana njia nyingine, ila usiilipie mashine bei ya kisasa halafu uanze kuishi kwa kulazimisha. Ya pili, kizazi cha nane kilikuja na mruko wa kweli: i5-8250U ina viini vinne, wakati i7-7600U ya kabla yake ina viwili. Kwa hiyo i5 ya nane inaipita i7 ya saba kwa kazi nyingi, na mara nyingi utaipata kwa bei ya chini kwa sababu tu kibandiko chake kinasema "i5".

Majina ya kuulizia: HP EliteBook x360 1030 G3, HP EliteBook x360 830 G5, Lenovo ThinkPad X380 Yoga, ThinkPad X1 Yoga ya kizazi cha tatu, Dell Latitude 7390 na 5300 zile zinazogeuka. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi ya Ulaya na Marekani, zikatumika miaka kadhaa, zikauzwa kwa jumla. Nyingi zina mwili wa chuma na kibodi ambayo bado ina uhai mrefu. Mashine mpya ya plastiki ya bei sawa na hizi itakupa prosesa dhaifu na bawaba ambayo mwaka wa pili inaanza kung'oa skrubu zake.

RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8. Usikubali GB 4 kwa ahadi ya "utaongeza baadaye", kwa sababu nyingi kati ya hizi RAM imechomelewa kwenye ubao na haiongezeki. Diski iwe SSD, angalau GB 256. Ukiona maneno "eMMC GB 32" au "GB 64", ujue ni hifadhi ndogo iliyochomelewa pia, na Windows peke yake itakuachia nafasi ya kupumulia tu.

Ziko pia zile ndogo za inchi 11 zilizotoka mashuleni Marekani: HP ProBook x360 11, Lenovo 300e, Dell Latitude 3190. Zina kingo nene za mpira na zinavumilia kuanguka. Kwa mtoto wa sekondari anayesoma na kuandika si mbaya, mradi prosesa iwe Celeron N4000, N4100 au zaidi, ambazo Windows 11 inazikubali. N3350 na N3450 hapana. Usitegemee zifungue faili kumi kwa pamoja.

Chromebook ni habari nyingine. Kwa sura inafanana kabisa na hizo ndogo, na bei yake inavutia. Itambue kwa nembo ya Chrome mgongoni na kibodi isiyokuwa na alama ya Windows. Haifungui programu za Windows, na kazi zake nyingi zinategemea intaneti. Kwa anayelipia bando kwa siku, hilo ni tatizo la kila asubuhi.

Hatua ya 4: Gawa pesa kabla hujatoka nyumbani

Tuseme una laki saba. Usiende dukani na laki saba kichwani, nenda na laki tano na nusu hadi sita. Zinazobaki ni za betri, kalamu, kava na nauli ya kurudi kama kuna kasoro. Karibu kila mashine iliyotumika itakudai kitu kimoja ndani ya miezi sita, na mara nyingi kitu hicho ni betri.

Hatua ya 5: Kagua dukani, na usiharakishwe

Nenda asubuhi, saa tatu au saa nne, muuzaji akiwa bado ametulia. Beba simu yenye bando. Mwambie mapema kwamba utahitaji saa nzima na mashine. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Anza na bawaba. Funga mashine, iweke mezani, ifungue polepole kwa mikono miwili huku umeinamisha sikio. Bawaba nzima inakaza sawasawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kimya. Ukisikia mlio wa kuvunjika-vunjika kama unatembea juu ya changarawe, au ukiona plastiki ya pembeni inaachana kidogo na kioo pale bawaba inapoingia, basi vishikizo vya skrubu ndani vimeshapasuka. Itaendelea kufunguka wiki kadhaa, halafu siku moja kioo kitabaki mkononi.

Sasa waya wa ndani. Fungua ukurasa mweupe kabisa, hata faili tupu la Word, uujaze kwenye kioo kizima. Zungusha kioo taratibu kutoka nyuzi 90 hadi kikunjike chote nyuma, macho yakiwa kwenye ule weupe. Ukimeta mahali fulani, ukatoka mistari, au ukawa mweusi kisha ukarudi, waya unakatika pale. Rudia mara tatu. Muuzaji atakwambia "hiyo ni Windows tu". Si Windows.

Kikiwa kimekunjwa nyuma, bonyeza herufi za kibodi kwa vidole vilivyo chini. Zisifanye kazi. Kama zinaandika, kihisio cha kugeuza kimekufa, na kila ukiishika kama kishikwambi utakuwa unafuta kazi yako bila kujua. Geuza mashine wima. Picha nayo igeuke.

Halafu kioo chenyewe. Fungua Paint, chagua brashi nene, na kwa kidole kimoja chora mistari iliyobanana kutoka ukingo hadi ukingo, kama unalima matuta. Jaza kioo chote, usisahau pembe nne. Mstari unaokatika mahali pale pale kila ukipita unaonyesha eneo lililokufa. Futa, kisha usiguse kitu kwa dakika tano. Nukta zikijichora zenyewe, kioo kinajigusa, na ugonjwa huo huzidi mashine ikipata joto. Fanya jaribio hili betri ikiwa peke yake, kisha tena chaja ikiwa imechomekwa. Kama kinajigusa kwenye chaja tu, huenda tatizo ni chaja feki. Omba nyingine ujaribu kabla ya kuikataa mashine.

Ukishamaliza, toka nayo nje. Nasema kweli, itoe mlangoni kwenye jua. Vioo vya kugusa vingi vinang'aa kama maji ya ziwa saa sita, na kuna mashine za HP zenye kioo cha faragha kinachofifisha mwanga zaidi. Kama kazi yako ni Kibirizi au Katonga na si ofisini, mashine usiyoweza kuisoma nje haikufai hata ikiwa nzima.

Betri usiamini asilimia ya pembeni. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri (tafuta cmd), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Mashine itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ifungue, utafute mistari miwili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa sasa ikijaa. Juzi nimefungua moja iliyoanza na 57,000 na sasa inajaa 31,350. Hiyo ni asilimia 55. Kwa mimi, juu ya 80 ni nzuri; kati ya 60 na 80 inapunguza bei; chini ya 60 hesabu kwamba unanunua na betri mpya, na useme hivyo kwa muuzaji. Tazama pia kama sehemu ya kusogezea mshale imevimba, au kioo kimenyanyuka kwenye kingo. Betri iliyovimba usiichukue kwa bei yoyote. Inaweza kushika moto.

Chaji kupitia tundu la USB-C ni neema kwetu. Ukichelewa Uvinza umeme ukakatika, chaja ya gari au pawabenki yenye nguvu ya kutosha, wati 45 na kuendelea, itakuokoa. HP, ThinkPad na Latitude nilizotaja hapo juu zinakubali. Surface Pro 6 haina tundu hilo. Ulaji wa umeme usikutie hofu: kujaza betri ya Wh 50 hakufiki hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya LUKU.

Kalamu, kwa kifupi: hazibadilishani ovyo. Kuna familia tatu kubwa, AES, MPP na EMR, na kwa kawaida kalamu ya moja haiandiki kwenye nyingine. Tafuta jina kamili la mashine, uone inatumia ipi, ndipo ununue. Kwenye X380 Yoga kalamu ina tundu lake ubavuni na inajichaji humo. Mara nyingi tundu huja tupu, kwa hiyo chungulia, na kama ni tupu punguza bei.

Hatua ya 6: Kufuli ambalo huwezi kuliona

Hapa nilipigwa mimi mwenyewe, tena nikiwa fundi. Nilimnunulia dada yangu aliyeko Kasulu x360 nzuri sana, bawaba nzima, kioo safi. Ameitumia miezi minne. Ikawa nzito kufanya kazi, nikasema niirudishe upya kama ilivyotoka kiwandani. Ilipowaka na kuunganishwa na intaneti, ikatukaribisha kwa jina la idara ya shule za mji mmoja Marekani, ikadai akaunti ya mwalimu wa huko. Nilimpigia muuzaji. Namba haikupatikana tena. Dada yangu alikuwa na mitihani ya kidato cha pili ndani yake, na alilia.

Kilichotokea ni kwamba mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwa mwenyewe wa kwanza, na muuzaji alikuwa ameipiga Windows bila kuiunganisha na mtandao, ili usajili usijitokeze. Kwa hiyo fanya hivi, hata ikichukua saa nzima: ukiwa dukani, agiza irudishwe upya kabisa, na inapouliza mtandao iunganishe na simu yako. Ikikuacha uendelee kama mtu binafsi, salama. Ikitaja shule, kampuni au hospitali yoyote, irudishe mezani.

Kisha ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Kwa HP bonyeza F10 inapowaka, Dell F2, ThinkPad za Lenovo F1, Surface shikilia kitufe cha kuongeza sauti huku unaiwasha. Ikidai nywila na muuzaji haijui, achana nayo. Mashine ya ofisi yenye nywila ya BIOS haifunguki kwa maneno matamu.

Hatua ya 7: Ukiagiza kutoka Dar

Kariakoo kuna uchaguzi mpana kuliko hapa, na bei mara nyingi ni ya chini. Lakini kutoka huko ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kurudisha mashine mbovu kunakula faida yote. Kama una ndugu au rafiki Dar, mtumie mwongozo huu aende yeye. Kama huna, dai video isiyokatwa ya jaribio la bawaba, la Paint, la ripoti ya betri na la kurudisha upya, na kwenye video hiyo kuwe na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya utambulisho ya laptopu yenyewe (serial number). Bila namba hiyo, mabadilishano njiani hutaweza kuyathibitisha.

Usiitume kwenye buti la basi ndani ya mfuko wa nailoni. Apatikane msafiri wa kuibeba mkononi, iwe imefungwa, imezungushiwa nguo, kioo kikiwa upande wa mwilini mwake.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Itumie kwa nguvu. Igeuze mara nyingi kwa siku, iache iwake saa tano mfululizo, ichaji usiku, iamshe asubuhi. Kasoro nyingi za bawaba na betri hujitokeza siku hizi saba, na dhamana ya maduka mengi hupimwa kwa siku, si kwa miaka. Kabla hujailipia, patana na muuzaji siku ngapi, na ziandikwe nyuma ya risiti.

Vumbi letu jekundu linapenda kuingia kwenye bawaba. Futa pale kwa brashi laini ya mswaki mkavu kila Jumapili. Usiishike kwa pembe moja ya kioo unapoigeuza. Shika katikati, au pembe zote mbili. Na ukiona kioo kimeanza kumeta kwenye pembe fulani tu, ilete wiki hiyo hiyo. Waya uliopinda unaweza kunyooshwa au kubadilishwa kwa pesa ndogo. Ukikatika ukapiga shoti, unaondoka na kioo.